Simu ya Zamu: Namna ya Kupanga Mapumziko Katika Kazi ya Kutetea Haki

Kwa miaka minne simu yangu ya mkononi ililala chini ya mto, imewashwa, sauti ikiwa juu kabisa. Nilikuwa msaidizi wa kisheria wa kujitolea katika wilaya moja ya Mkoa wa Tanga, na namba yangu ilibandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, kwenye mlango wa zahanati na, kama nilivyokuja kugundua baadaye, ndani ya choo cha wanawake pale sokoni, ambako mtu mwenye akili aliiandika kwa makapeni mahali ambapo mume hawezi kuiona. Mwanamke aliyetolewa nje saa nane za usiku aliweza kunipigia, nami niliona fahari kwamba sikuwahi kuiacha simu iite mpaka ikatike. Fahari hiyo ilikwisha usiku mmoja wa mwezi wa Januari. Simu iliita, nikasoma jina lililotokea, nikaigeuza kifudifudi na kuendelea kulala. Asubuhi nilimpigia aliyenitafuta, nikamkuta salama kwa jirani yake. Kilichonitisha ni kukumbuka kwamba nilipokuwa naigeuza ile simu sikuona huruma hata kidogo, niliona kero.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa kazi ya aina hiyo: wasaidizi wa kisheria, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wajumbe wa kamati za kuzuia ukatili dhidi ya wanawake na watoto, waelimishaji rika, na wale wanaosimamia migogoro ya ardhi vijijini bila mshahara. Shauri langu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: pumziko la mwanaharakati lisiachwe mikononi mwa mwanaharakati mwenyewe. Liwe shughuli ya kikundi, yenye jina la mtu, tarehe na fungu la fedha, kama ilivyo semina au ziara ya kijijini. Mtu anayeipenda kazi yake hatajipa mapumziko kwa hiari, na akijipa atayatumia kujilaumu.

Kusoma daftari lako mwenyewe

Uchovu wa mkulima aliyelima kutwa unaisha kwa usingizi. Huu tunaouzungumzia, ambao kwa Kiingereza huitwa burnout, hauishi hivyo, na si bahati mbaya kwamba ulitambuliwa kwanza miongoni mwa watu waliokuwa wakijitolea. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alieleza hali aliyoiona katika kliniki ya bure jijini New York, ambako yeye na wenzake walihudumia wagonjwa jioni baada ya kumaliza kazi zao za mchana. Watu walioanza na moyo mkubwa walipoteza hamu, wakawa wakali kwa wagonjwa na kuugua mara kwa mara. Naye alisema wazi kwamba wanaopatwa zaidi ni wale waliojitoa zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa kuwa ni jambo litokanalo na kazi, si ugonjwa, likataja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuidharau, na kuona kwamba unachofanya hakina tija.

Sura hizo tatu zinaonekana vizuri zaidi kwenye maandishi yako kuliko kwenye kioo. Chukua kaunta buku unayoandikia mashauri, fungua kurasa za miezi ya kwanza, kisha fungua za mwezi uliopita. Nilipofanya hivyo nilikuta kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa nikijaza ukurasa mzima kwa kila aliyefika: ametoka kijiji gani, amekuja na nani, watoto wangapi, amelia wapi katika maelezo yake, tumekubaliana nini. Katika mwaka wa nne kulikuwa na mistari mitatu ya tarehe moja, yote ikisema, “Ameshauriwa. Ameondoka.” Sikumbuki sura za watu hao watatu hadi leo. Daftari halikuwa na kosa la kiutaratibu na mkaguzi wa mradi alilipitisha, lakini aliyeliandika hakuwepo tena kazini.

Angalia pia unavyozungumza. Ukijikuta unasema “hawa wanawake watarudi kwa waume zao tu” au “wananchi hawa ndivyo walivyo”, huo si uzoefu unaozungumza. Ukijikuta unaota matukio yaliyowapata watu wengine kana kwamba yamekupata wewe, au unashtuka mlango unapogongwa, umeanza kubeba kiwewe cha wale unaowasikiliza, na hilo ni jambo linalojulikana kwa watu wanaosikia habari za ukatili siku baada ya siku. Mwambie mwenzako mmoja juu ya dalili hizo kabla hujaamua lolote, kwa sababu uamuzi unaofanywa na mtu aliyechoka namna hii mara nyingi ni wa kuacha kila kitu au wa kuongeza kazi.

Simu ya zamu

Aliyebeba ndoo ya maji kutoka kisimani akifika nyumbani hubisha hodi na kusema, “Nitue.” Anaweza kujitua mwenyewe, lakini nusu ya maji itamwagika. Kikundi chenye akili hupanga nani atamtua nani, na lini.

Sisi tulianza na simu. Tulinunua simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita kitochi, tukasajili laini kwa jina la kikundi, na namba hiyo ndiyo tukaibandika kila mahali badala ya namba zetu binafsi. Ilituchukua karibu miezi mitano kubadilisha matangazo yote, na ile ya chooni ilibidi niende mwenyewe na makapeni. Tulikuwa kumi na wawili, tukajigawa wawili wawili, kila jozi ikikaa na simu juma moja. Hesabu yake ni rahisi: jozi sita zina maana kwamba kila mtu hushika simu ya usiku juma moja katika kila majuma sita, yaani majuma manane au tisa kwa mwaka mzima, na majuma mengine yote hulala na simu yake binafsi ikiwa imezimwa. Jozi ni muhimu kwa sababu mmoja akiugua au akifiwa simu haibaki bila mtu, na kwa sababu habari nzito ikiingia usiku aliyeipokea ana mtu wa kumwamsha.

Makabidhiano hufanyika Jumatatu saa mbili asubuhi, ana kwa ana, na daftari likiwa wazi mezani. Anayetoa simu husoma majina ya wanaosubiri jambo, aliyowaahidi, na salio la vocha. Anayepokea huuliza maswali mpaka aridhike, kisha huweka sahihi. Msifanye makabidhiano kwa ujumbe wa WhatsApp hata kama mnaishi mbali, kwa sababu mtu akiandika hufupisha, na kinachofupishwa ndicho kile kitakachomwamsha mwenzake usiku.

Ugumu utatoka kwa wateja wenyewe, nao wana haki. Mwanamke aliyekueleza jambo ambalo hajamwambia mama yake mzazi hataki kulirudia kwa mgeni. Ndiyo maana katika kikao cha kwanza kabisa unapaswa kumwomba ridhaa: “Mama, hapa tunafanya kazi wawili wawili. Ukipiga simu usiku anaweza kupokea dada mwingine. Je, unaniruhusu nimweleze habari yako ili asikuulize upya?” Wengi hukubali. Asiyekubali aheshimiwe, na shauri lake liandikwe kwa namna ambayo wa zamu atajua cha kufanya kuhusu usalama wake bila kujua mengine.

Jambo la pili la kukubaliana mapema ni lipi la usiku na lipi la asubuhi. La usiku ni maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, mtoto anapokuwa mahali pasipo salama, na mtu anapokuwa amebakwa, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Hayo yanahitaji polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, hospitali au kituo cha mkono kwa mkono, yaani kile kinachompa aliyefanyiwa ukatili huduma zote mahali pamoja, pale kilipo, na wa zamu awe na namba za watu hao zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, maana simu huishiwa chaji. Shauri la mtoto linaweza pia kupigiwa simu namba 116, ambayo ni ya bure. Talaka, matunzo ya watoto na mpaka wa shamba ni mambo ya asubuhi. Mirathi iliyokaa miaka sita bila kugawanywa itastahimili hadi saa mbili.

Kama kikundi chenu kina watu watatu tu, ushauri wangu ni mkali kidogo: msitoe huduma ya usiku. Tangazeni saa zenu, bandikeni namba za polisi na 116 chini ya namba yenu, na mlale. Huduma ya saa 24 inayotolewa na watu watatu ni ahadi ambayo itavunjwa, na itavunjika usiku ule ambao mtu aliitegemea.

Harakati ndefu kuliko mlivyotarajia

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya watu wenye raha watazame tukio la Kenya ambalo hakuna awezaye kuliita la raha. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai, walikaa kwenye kona moja ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi wakaanza mgomo wa kula, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia na kuwatawanya kwa nguvu. Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu, akalazwa hospitalini. Akina mama hao hawakurudi nyumbani. Walihamia katika Kanisa Kuu la All Saints, lililo jirani na bustani ile, wakaendelea na mkesha wao humo hadi mwanzoni mwa mwaka 1993, wakati wengi wa wana wao walipokuwa wameachiliwa.

Kila ninaposoma habari hiyo naona jinsi umbo la harakati lilivyobadilika ili watu waweze kudumu. Mgomo wa kula hauwezi kuchukua mwaka. Mkesha chini ya paa, mahali pa kulala na pa kukaa pamoja, unaweza. Dai lilibaki lilelile, na ujasiri haukupungua kwa kuwa walikuwa na mahali pa kulaza mbavu. Mnapopanga kampeni jiulizeni: tukidhani itachukua majuma mawili ikachukua miezi kumi na moja, tutalala wapi, tutakula nini, na nani atakaa mahali pa nani? Kikundi kisichoweza kujibu kimepanga tukio tu.

Kikao cha kutua mzigo

Zamu hurudisha usingizi, lakini haiondoi kilichosikika. Kwa hilo kunahitajika kikao, na kikao hiki kisichanganywe na kile cha taarifa. Sisi hukutana kila baada ya majuma mawili, Ijumaa alasiri baada ya swala, kwenye mkeka nyuma ya ofisi. Kinachukua saa moja. Hakuna muhtasari unaoandikwa, hakuna mgeni kutoka kwa mfadhili, na simu ya zamu huwa kwa mtu mmoja tu wa jozi ambaye hukaa pembeni.

Taratibu zake ni chache. Jina la mteja halitajwi, wala kijiji chake, kwa sababu wilaya ni ndogo na masikio ni mengi. Anayezungumza husema alichokiona au kukisikia, kisha kilivyomwingia yeye, kisha anachohitaji kwa wenzake, ambacho mara nyingi ni kusikilizwa tu. Hakuna anayetoa ushauri bila kuombwa. Kanuni hii ndiyo ngumu kuliko zote kwa wasaidizi wa kisheria, tuliozoea kutoa ushauri kama muuza maji anavyouza maji, na mwanzoni tulilazimika kumteua mtu wa kupiga kikombe kwa kijiko kila mtu aliposema “ulipaswa”. Anayetaka kunyamaza ananyamaza. Baada ya hapo huletwa chai na kitu cha kutafuna, mihogo au maandazi, na hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla ya kula, kwa kuwa mtu aliyetoka kusema jambo zito asipelekwe barabarani na tumbo tupu.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ya kukaa na kuzungumza hisia ni ya kigeni. Mimi nawauliza kama wamewahi kwenda msibani. Mfiwa hapiki. Hapangiwi kazi, hachoti maji, watu wanalala naye siku tatu, na hakuna anayemwambia kwamba anajidekeza. Tena katikati ya kilio hutokea mtani, amevaa kanga ya marehemu na kuiga mwendo wake, akidai pesa ili maiti ipite, na waliokuwa wakilia hujikuta wanacheka huku machozi yakitiririka. Wazee waliopanga hayo walijua kwamba huzuni ina kipimo ambacho mtu mmoja hawezi kukivuka peke yake. Mtu anayesikiliza misiba ya watu wengine kila siku ni mfiwa asiyepewa mkeka, na hiki kikao ndicho mkeka wake. Katika kikundi chetu yupo mwenzetu mmoja ambaye kwa asili ni mcheshi, naye tumempa rasmi kazi ya utani. Hutusimanga sote, viongozi kwanza, kabla ya chai kwisha.

Kalenda na katiba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, mapumziko ya saa 24 kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Anayejitolea hana mwajiri, kwa hiyo hana likizo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria na kumtaka atoe huduma bila malipo kwa asiye na uwezo. Haimpangii siku ya kulala. Pengo hilo mnaliziba ninyi wenyewe kwa kuandika kifungu katika katiba ya kikundi. Cha kwetu kinasema hivi, na mnaweza kukichukua kama kilivyo: “Kila mwanakikundi atakuwa na siku moja kamili katika kila juma ambayo hatapangiwa kazi ya kikundi wala kupigiwa simu kwa ajili yake, na kila mwaka atakuwa na siku 28 za mapumziko, zitakazoandikwa katika kalenda ya kikundi kabla ya mwezi wa Januari kwisha.”

Kuna sababu nyingine ya kukiandika, na mimi naiona kubwa kuliko ile ya afya. Tunakwenda kijijini kusema kwamba msichana wa kazi za ndani ana haki ya siku yake ya kupumzika. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataja saa 24 mfululizo kwa juma. Kisha tunarudi ofisini na kumpigia mwanakikundi mwenzetu Jumapili saa moja usiku atuletee orodha ya mahudhurio. Jamii tunayotaka kuijenga huanza kuonekana, au kukosekana, katika namna tunavyotumiana sisi kwa sisi. Wanakijiji huliona hilo upesi zaidi kuliko tunavyodhani.

Kalenda yenyewe iandikwe ikizingatia misimu ya kazi. Kwetu sisi msimu mkubwa ni Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zinazoanza tarehe 25 Novemba, siku ya kuwakumbuka dada watatu wa familia ya Mirabal waliouawa mwaka 1960 katika Jamhuri ya Dominika, na kwisha tarehe 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu. Katika siku hizo kuna maandamano, vipindi vya redio, midahalo shuleni na wageni kutoka mkoani. Na kwa kuwa watu wengi husikia namba yetu kwa mara ya kwanza, simu huongezeka mara tu shughuli zinapokwisha. Hapohapo taarifa ya robo ya mwaka inadaiwa kabla ya tarehe 31. Mnaona sasa kwa nini simu yangu niliigeuza mwezi wa Januari. Tangu hapo tumejifunza kugawa kikundi: wanaobeba jukwaa la Siku 16 hawashiki simu ya usiku katikati ya Desemba, na tarehe 11 hadi 13 Desemba ofisi hupokea mashauri ya dharura tu. Tafuteni msimu wenu ulipo, iwe ni uchaguzi, kilimo, chanjo au mitihani, kisha muandike mapumziko kwanza kabla ya kuandika shughuli.

Fedha, na kazi ya nyumbani

Niliwahi kualikwa katika semina ya siku mbili ya kujitunza, iliyoandaliwa na shirika moja katika hoteli nzuri. Tulifundishwa kuvuta pumzi, tukagawiwa taulo ndogo zenye nembo ya mradi, tukapigwa picha tumefumba macho. Nauli ya kurudi nyumbani ililipwa baada ya miezi miwili, na mwenzangu mmoja alikopa ili kufika kwake. Kuvuta pumzi kunasaidia, sikatai; nakufanya hadi leo. Lakini kama mtu anatumia fedha yake ya mboga kumpandisha mteja bodaboda kwenda hospitalini, hakuna pumzi itakayomtuliza.

Kwa hiyo mnapoandika andiko la mradi, msiombe fedha za “ustawi” kwa jina hilo tupu, kwa maana ndilo fungu la kwanza kukatwa. Ombeni vitu: vocha na chaji ya simu ya zamu, nauli ya wanaoshika zamu, bima ya afya kwa kila anayejitolea, chai ya vikao 26 kwa mwaka, na siku kadhaa za mshauri nasaha kutoka nje ya kikundi. Mfadhili anayekataa bima ya afya aulizwe kwa maandishi anatarajia mtu akiugua atibiwe na nani. Na kama hakuna mfadhili, anzisheni mfuko wa dharura kama mnavyocheza upatu, kila mtu akitoa kiasi kidogo kila juma, na kanuni iwe kwamba hakuna anayempa mteja fedha kutoka mfukoni mwake. Inatoka kwenye mfuko, kwa sahihi mbili. Kanuni hiyo imeokoa ndoa za watu ninaowafahamu.

Nyumbani ndiko kwenye mtihani wa pili, hasa kwa wanawake, ambao ndio wengi katika kazi hii. Unatoka kumsikiliza mwanamke aliyepigwa kwa sababu ya chakula kuchelewa, unafika kwako saa moja usiku, na chakula kinakusubiri wewe ukipike. Hapa sina fundisho la kitaalamu, nina lililonisaidia. Nilikaa na mume wangu na watoto Jumapili moja, nikawaonyesha kalenda ya zamu, nikawaomba juma langu la simu liwe juma lao la jikoni. Mwanangu mkubwa wa kiume alilalamika kwamba ni juma zima. Nikamwambia mimi nina mengine 43 au 44. Ugali wake wa mwanzo ulikuwa na madonge, tukaula.

Usalama nao uhesabiwe humuhumu, kwa kuwa hofu huchosha kuliko kazi. Usimpeleke mteja nyumbani kwako. Ndugu za mtuhumiwa wakikutisha, mwambie mratibu siku ileile, toa taarifa polisi, na shauri hilo likabidhiwe kwa mwenzako hadi mambo yatulie. Kukabidhi shauri kwa sababu ya vitisho si uoga, na kikundi kimwambie hivyo mhusika kabla hajauliza.

Pumziko likiwa halitoshi

Kama usingizi umekosekana kwa zaidi ya majuma mawili, kama pombe imekuwa ndiyo dawa ya kulala, kama mwili unauma na vipimo havionyeshi kitu, au kama mawazo ya kufa yanakuja, jambo hilo limevuka mkeka wa Ijumaa. Nenda hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa hutoa huduma za afya ya akili, na zinaweza kukupeleka mbele zaidi ikihitajika. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukuelekeza. Mwenye mawazo ya kufa asiachwe peke yake hata kwa usiku mmoja, na mwenzake wa jozi ndiye wa kumsindikiza. Wengine wetu huogopa kuonekana kwenye benchi lilelile tunalowapeleka wateja. Mimi nilikaa pale, na mteja wangu mmoja alinisogezea nafasi bila kusema neno.

Kwa baadhi ya watu jibu litakuwa kuacha. Wawekewe mlango wa kutokea kwa heshima: kikao cha kuagana, mashauri yakabidhiwe moja baada ya jingine, na wasiitwe wasaliti kwenye kundi la WhatsApp. Wawili kati ya walioondoka kwetu kwa njia hiyo wamerudi. Walioondoka kwa kugombana hawajarudi.

Mkitaka kuanza, msingoje mfadhili wala mwaka mpya. Juma hili nunueni kitochi na daftari, andikeni jozi, na mpange siku ya kikao cha kwanza. Makabidhiano ya mwanzo yatakuwa ya ovyo; yetu yalichukua saa mbili na tukasahau chaja, simu ikazimika usiku wa kwanza kabisa. Sasa tuna mfuko mdogo wa kitenge wenye kamba, na chaja imeshonewa ndani kwa uzi mweusi ili isitoke.